Lala chini ya gari kabla hujanunua kinga

Kijana anayeanza kuendesha au kutengeneza magari ya safari hapa Arusha hunijia mara nyingi na swali moja: afunge nini kwanza, bampa la chuma, winchi ya kulivuta gari likikwama, au snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu? Jibu langu humkera kidogo, kwa sababu humwambia atandike gunia, alale chini ya gari alilorudi nalo kutoka Serengeti, akae huko nusu saa na tochi, kisha aniambie ameona nini. Gari lililotoka porini hubeba habari zake zote tumboni. Chuma kilichokwaruzwa na jiwe hung'aa, oili inayovuja hukamata vumbi likawa tope jeusi, na nati iliyoanza kulegea huacha unga mwekundu wa kutu kandokando ya washa.

Ukikagua magari kadhaa kwa namna hiyo utagundua, kama nilivyogundua mimi kwa kuchelewa, kwamba mawe hayahusiki na uharibifu mwingi tunaoyasingizia. Mharibifu mkubwa ni mtetemo. Lami inaishia kwenye geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, na kuanzia hapo, ukipanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ukateremka hadi geti la Naabi na kuelekea Seronera, katikati ya Serengeti, unapita juu ya migongo midogo midogo iliyojipanga barabarani kama bati. Kila mgongo hulirusha gurudumu juu, na anayeutuliza mrusho huo ni shokapu, ambayo kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Joto likizidi, oili iliyomo ndani hufanya povu, na povu halizuii kitu. Dalili yake ni mkia wa gari kuanza kuhama kwenye kona kana kwamba uko kwenye utelezi, ilhali barabara ni kavu. Nimeona madereva wakibadilisha shokapu mara mbili kwa msimu mmoja na kulaumu muuzaji, wakati tatizo lilikuwa mwendo na upepo wa tairi.

Kwa hiyo kinga ya kwanza haina bei. Nikiwa na abiria sita na mizigo yao, hushusha upepo wa tairi za nyuma kutoka PSI 42 hadi 32 pale lami inapoishia, na huurudisha kwa pampu ndogo ya umeme siku ya kurudi. Tairi iliyolainika humeza sehemu ya mrusho kabla haujafika kwenye springi. Lakini ubavu wake hutanuka ukawa karibu zaidi na ncha za mawe na miiba ya migunga, tena hupata joto haraka, kwa hiyo anayeshusha upepo na kubaki na mwendo wa lami anajitafutia pancha. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa kilichowekwa hifadhini kwa ajili ya wanyama kinayafaa hata majani ya springi, yaani vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

Kinga ya pili ni kopo dogo la rangi nyeupe. Kaza nati zote za U-bolti zinazobana springi kwenye ekseli, mabano ya shokapu, keria na kishikio cha tairi ya akiba, kisha chora mstari mmoja unaotoka kwenye nati hadi kwenye chuma ilichokalia. Jioni ukimulika tochi, mstari uliokatika utakuonyesha nati iliyozunguka, bila hata kushika spana. Springi zikiwa mpya, kaza U-bolti tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu majani yake hujilaza na kuacha nafasi.

Sasa tuje kwenye sahani ya chini ya injini, ambayo kila mgeni wa kazi huitamani. Inafaa, hasa kwa anayepita njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, lakini ina gharama ambayo haimo kwenye risiti. Chuma cha unene wa milimita 4 kina uzito wa takriban kilo 31 kwa kila mita moja ya mraba, na alumini ya milimita 6 ni kilo 16 hivi. Uzito huo hubebwa na springi zilezile zinazoteswa na migongo ya barabara, kwa hiyo funika kile tu ambacho makovu yamekuonyesha kuwa kinagongwa. Hakikisha vichwa vya bolti vimezama ndani ya sahani ili jiwe lisivikate, na pana tundu la kumwagia oili. Tena iwe rahisi kufungua. Miaka ya nyuma gereji moja ilinifungia sahani iliyochomelewa kabisa kwenye mabano. Niliisifu sana kwa uimara wake, hadi mchana mmoja wa kiangazi niliposikia harufu ya majani yanayoungua. Nyasi kavu zilikuwa zimejaa juu ya sahani, zikagusa bomba la moshi, na sikuwa na njia ya kuzitoa ila kuchokoa kwa fimbo huku mwenzangu akimwaga maji ya kunywa ya wageni. Tangu siku hiyo sifungi kinga ambayo siwezi kuishusha kwa spana moja.

Mbegu za nyasi hizohizo huziba rejeta. Wavu wa dirishani uliokatwa kwa kipimo cha grili, unaotolewa na kukung'utwa kila jioni, umeniokoa mara nyingi kuliko winchi. Winchi inunue baadaye, ukishaongeza nguvu ya springi za mbele zitakazoibeba.

Kuhusu chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari zima, nakuomba uwe mkaidi mbele ya fundi yeyote. Usikubali atoboe ubapa wa juu wala wa chini, kwa sababu huko ndiko mkazo ulikozidi na ufa huanzia kwenye tundu. Kama hakuna budi, atoboe katikati ya ubavu. Kiraka kinachochomelewa kikatwe ncha zake kwa mshazari, maana kikiishia kwa mstari uliosimama wima, chesisi hupasuka palepale kiraka kinapoishia. Betri ichomolewe kabla ya kuchomelea.

Maji nayo hayazuiwi na snokeli peke yake. Snokeli hulinda injini isivute maji, lakini difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hubaki peke yake huko chini. Difu iliyopata moto ikizamishwa ghafla kwenye mto baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Dawa yake ni kipande cha bomba la mpira la kupitishia hewa, cha bei ndogo kabisa, kinachopandisha tundu la difu la kupumulia hadi karibu na boneti. Hata hivyo, baada ya kuvuka maji mengi au kukwama kwenye udongo mweusi wa ukanda wa magharibi wa Serengeti karibu na Mto Grumeti, fungua nati ya difu uchungulie oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage usiku huohuo, hata kama wageni wako wanaondoka alfajiri.