Nilivyopigwa Santo Domingo, na zawadi ninazonunua siku hizi

Kidani changu cha kwanza cha Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, kilikuwa cha kaharabu, yani utomvu wa mti wa kale ulioganda kama jiwe, rangi ya asali kabisa, na ndani yake kuna mbu. Mbu mzima jamani, mabawa yamekunjuka, miguu yote sita inahesabika, amekaa katikati kama kapigwa picha ya pasipoti. Nikatoa dola 70 na nikajiona mjanja maana jamaa alianzia 120. Nimerudi zangu Lynn, huku Massachusetts ninakoishi, nikamwonyesha dada mmoja Mdominika tunayefanya naye kazi, akakipimapima kiganjani, akacheka mpaka akatafuta kiti. Akachukua glasi ya maji, akakoroga chumvi kijiko baada ya kijiko mpaka chumvi ikagoma kuyeyuka, akakichomoa kile kijiwe kwenye fedha yake akakitumbukiza. Kikazama tii mpaka chini. Kaharabu ya kweli inaelea kwenye maji ya chumvi kali, ya kwangu ilikuwa plastiki pamoja na mbu wake.

Tangu siku hiyo nimerudi Santo Domingo mara tatu na kila safari najifunza kitu, na kwa kuwa Wabongo na Wakenya wa huku wengi wanaenda Jamhuri ya Dominika likizo, wanajifungia Punta Cana siku tano halafu zawadi zote wananunua kwenye kiduka cha hoteli, nimeona niandike. Kwanza kabisa, toka hotelini. Punta Cana mpaka Santo Domingo ni basi la masaa mawili na nusu hadi matatu hivi, unashuka mjini, unaenda Zona Colonial, ule mji mkongwe ambao UNESCO waliuweka kwenye orodha yao mwaka 1990, na hapo ndo mambo yote yapo, ya kweli na ya uongo yamekaa meza moja.

Utakakoangukia ni mtaa wa El Conde, magari hayapiti, ni watu tu na maduka kutoka Parque Independencia mpaka Parque Colón. Na utakutana na papasi, wale vijana wa kufukuzia watalii. Ukishajua papasi wa Zanzibar hawa wa kule hawakusumbui, ni walewale, anakuita mi amor, anakuita mi reina, anajifanya anakuonyesha kanisa la kale halafu ghafla mmeingia duka la "mjomba wake". Huyo mjomba anamlipa kamisheni, na kamisheni hiyo iko ndani ya bei yako. Mi siwachukii, kila mtu na ugali wake, ila nikienda kununua kitu cha maana naenda peke yangu.

Sasa turudi kwenye kaharabu maana hapo ndo hela nyingi zinapotea. Kaharabu ya Dominika ni utomvu wa mti ulioganda miaka kama milioni 15 hadi 20 iliyopita, unachimbwa milimani kaskazini mwa nchi. Safari ya pili nilimpata fundi mmoja kwenye kichochoro nyuma ya El Conde, mzee, chumba kidogo, meza imejaa vumbi la rangi ya manjano na mashine ya kusugulia inayopiga kelele kama cherehani bovu, na kabla sijauliza bei nilimhadithia habari ya mbu wangu. Akacheka akafunga mlango, akazima taa, akatoa katochi kale ka kukagulia hela bandia akakamulika trei nzima. Aisee. Vipande vyote vikawaka rangi ya bluu bluu kama maji ya bahari usiku, halafu akaweka pembeni kipande kimoja cha plastiki, hicho kikabaki kimelala tu. Katochi hako kanauzwa bei chee mtandaoni, siku hizi ninako kwenye mkoba, na nimegundua kitu kimoja: muuzaji mwenye mali ya kweli ukitoa tochi anafurahi, muuzaji wa plastiki anakumbuka ghafla kwamba anafunga duka.

Kuhusu wadudu, mzee alinifundisha hivi: mdudu wa kweli alikufa akihangaika, kwa hiyo mara nyingi amepinda, mguu umekatika, kuna uchafu na vipovu vya hewa pembeni yake, na ni mdogo kweli, inabidi utumie lenzi. Ukiona mdudu mkubwa, msafi, yuko katikati na bei ni ya mchicha, ujue katumbukizwa jana.

Halafu kuna uongo wa aina nyingine ambao ni mgumu zaidi, na huu ulinigusa mimi mtoto wa Bagamoyo. Kuna kitu wanauza kama kaharabu ambacho siyo plastiki, ni utomvu wa mti kweli ila ni mchanga, haujakaa ardhini muda wa kutosha. Sisi kwetu tunaita sandarusi! Ndiyo, hiihii sandarusi ambayo zamani watu wa mrima walikuwa wanaifukua ardhini, inavushwa Zanzibar, halafu meli za Salem zinaibeba kuja Massachusetts kutengenezea vanishi, na Salem ni jirani yangu hapa, naenda kwa basi. Na si hivyo tu, wataalamu wanasema ule mti wa kale uliotoa kaharabu ya Dominika ulishatoweka, ila ndugu yake wa karibu aliye hai ni msandarusi wetu wa Afrika Mashariki. Nilipomwambia yule mzee hivyo kwa Kispanyola changu cha kuungaunga alinikazia macho, akaniuliza mara mbili, kisha akamwita mkewe kutoka ndani aje asikie. Sandarusi inaelea kwenye maji ya chumvi vilevile kwa hiyo kipimo cha glasi hakitoshi, ila ukiipaka tone la asetoni, yani ile ya kufutia rangi ya kucha, inaanza kunata kidoleni, kaharabu iliyokomaa hainati. Usifanye dukani bila ruhusa, mtagombana.

Nilinunua kwake punje 33, nikamfungia mama tasbihi. Mama ana rafiki yake kaishi Muscat miaka mingi, akaishika akasema hii ndo kahraba, kule wanaita hivyo hata umeme. Na kweli, ukiisugua kwenye kitambaa cha sufu inavuta vikaratasi, jina limetokea huko, ingawa hata plastiki inavuta kwa hiyo usije ukasema mimi nilikwambia hiki ni kipimo.

Larimar ndo jiwe lao la pili, bluu ya anga na michirizi myeupe kama mtu kapiga picha maji ya kina kifupi kutoka juu. Hili kwa sisi Watanzania halihitaji maelezo mengi: sisi tanzanite iko Mererani tu, wao larimar iko Barahona tu, dunia nzima hakuna kwingine. Lilipata jina mwaka 1974, Mdominika mmoja Miguel Méndez na Mmarekani Norman Rilling wa Peace Corps waliliokota ufukweni, Méndez akachukua mwanzo wa jina la bintiye Larissa akaunganisha na mar, bahari. Bandia zake ni plastiki au jiwe jingine lililopakwa rangi, bluu moja bila mabadiliko, na ukikuta mkufu mzima punje zote zimefanana rangi jiulize maswali. La kweli ni baridi mkononi na lina uzito. Ila nikupe angalizo ambalo wauzaji hawakwambii, jiwe hili ni laini, linachubuka, mi nilimnunulia dada yangu pete akawa anaoshea nayo vyombo, miezi sita haitamaniki. Nunua hereni au kidani, pete waachie wasiofua.

Picha za kuchora zimepangwa ukutani mtaa mzima, rangi kali, wamama wamebeba vikapu, soko, minazi. Muuzaji atakuapia kazichora mwenyewe, sogea duka la tatu utamkuta mama yuleyule na kikapu kilekile. Ni kama Tingatinga zetu za vibanda vya watalii, na tena nyingi ni mtindo wa Haiti, jirani zao, na wachoraji wengi ni Wahaiti. Mi sioni ubaya kununua, ninayo moja sebuleni na naipenda, ila usilipe bei ya msanii kwa kazi ya mkupuo, na usimwambie mgeni wako ni uchoraji wa Kidominika.

Ukitoka hapo tembea mpaka Mercado Modelo kwenye barabara ya Mella. Watu watakutisha kwamba kuna fujo, mi mtu niliyezoea Kariakoo nilijisikia nyumbani. Hapa ndo pa kupatana, wanauliza hivi: ¿cuánto es lo menos?, yani ya mwisho ngapi. Na ukishalipa, omba ñapa. Ñapa ni nyongeza, ileile unayomwomba mama wa nyanya sokoni akutupie mbili juu, na ukitaja hilo neno tu sura ya muuzaji inabadilika, anajua huyu si mtalii wa meli. Mi nimeshapewa bangili, nimeshapewa embe.

Mamajuana utaiona kila mahali, chupa imejaa magome na vijiti na majani makavu, unamimina ramu, divai nyekundu na asali unaiacha ilale. Muuzaji atakukonyeza atakuambia inafanya nini kwa mwanaume, na hapo nilicheka maana ni maneno ya muuza supu ya pweza herufi kwa herufi. Ile divai ya kwanza unaimwaga, ni ya kutoa ukali tu, shemeji yangu hakuambiwa akanywa, akakunja uso siku nzima. Ikishakuwa na maji ndani iweke kwenye begi kubwa, siyo la mkononi, na ukirudi Marekani itangaze maana ni mimea.

Sigara kubwa za mtaani zenye nembo ya Kuba, pita. Dominika wenyewe wanatengeneza za kwao nzuri sana, za nini uende kununua Kuba feki.

Na jambo moja ambalo sina utani nalo, ganda la kasa. Wanaita carey, bangili na vitana vya rangi ya kahawia yenye madoa, ni magamba ya ng'amba, huyuhuyu wa kwetu Mafia. Biashara yake imepigwa marufuku kimataifa, hata ukiuziwa kwa kunong'onezwa utanyang'anywa uwanja wa ndege na faini juu.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote wala siyo cha thamani. Ni güira, chombo cha bati kinachokwaruzwa kwenye miziki yao ya merengue na bachata, kile kinachosema shiki-shiki-shiki. Nilimkuta fundi anatengeneza mbele ya kibanda chake, kalaza bati juu ya ubao, msumari na nyundo, anagonga vitundu mstari kwa mstari bila kupima na rula, upande wa pili vinatoka vipele, halafu analikunja liwe mrija, vipele nje, anatia mshikio. Kama niko Gerezani ya Dar kwa mafundi bati, mpaka ule mlio. Nikamwuliza ¿lo hizo usted?, umetengeneza mwenyewe?, akaniangalia kama mwehu maana nyundo iko mkononi. Lakini swali hili liulize kila duka, halafu nyamaza usikilize. Aliyetengeneza atakueleza mpaka uchoke. Asiyetengeneza atakwambia bei.

Peso zikibaki, na zitabaki, usirudi nazo nyumbani maana huku hakuna wa kukubadilishia kwa bei ya maana. Ingia supamaketi yoyote siku ya kuondoka, wanakonunua wenyeji, jaza kahawa, kakao ya vipande na zile peremende za maziwa, utagawa kazini na kanisani mpaka kwa majirani. Kiduka cha hoteli kahawa ileile niliikuta imefungwa utepe, bei mara tatu.