Binti wa miaka 16 mwenye usonji: usingoje mwaka wa mwisho

Dada, umeuliza binti yako mwenye usonji atafanya nini shule ikiisha, na kama umechelewa. Hujachelewa. Anza kwa kumuuliza mwenyewe; kama haongei, picha, au kile anachokichangamkia, ni jibu pia.

Kisha mtafutie kazi halisi, hata saa mbili kwa wiki, mahali penye watu. Vijana wengi wenye usonji hupata shida kuhamisha ujuzi kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kwa hiyo kupanda basi afundishwe ndani ya basi, na chenji aihesabie dukani. Michoro ya ubaoni mimi siiamini sana.

Wazazi wengi husahau sheria. Akifika miaka 18, katika nchi nyingi saini yako pekee haitoshi tena hospitalini wala benki. Usikimbilie mahakamani kuomba ulezi, yaani mamlaka ya kumwamulia mambo yake. Uliza kwanza kuhusu utaratibu wa kusaidiwa kufanya maamuzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 12, unatambua haki yake ya kujiamulia kwa msaada anaouhitaji.

Na daktari wa watu wazima amzoee mapema, kabla hajaagana na yule wa watoto.