Chumba cha nyumba ya mawe Mikindani: plasta na LUKU

Mdau, umeuliza kama chumba cha nyumba ya zamani Mikindani kinakalika, na kwa nini plasta yake inabanduka. Kinakalika. Mtwara mjini ni kama kilomita 10 tu, ila ulizia daladala ya mwisho jioni kabla hujalipa kodi.

Plasta sasa. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya unyevu na kuutoa. Fundi akizifunika kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inasukuma kwa ndani, plasta inavimba na kudondoka, hasa usawa wa goti. Rangi ya mafuta ndiyo inamalizia kabisa. Bandua saruji, ukuta ukauke kiangazi, kisha changanya chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Mchanga wa mtoni, tafadhali, wa ufukweni una chumvi ileile unayoikimbia. Lowesha ukuta kwanza. Kila mkono (tabaka) wa plasta usizidi unene wa sentimita 1.

LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya pamoja ndiyo inayowagombanisha vijana. Kila chumba kiwe na mita yake ndogo, maana mwenye jiko la umeme hawezi kuchanga sawa na mwenye taa moja. Na gonga boriti za dari: zikidondosha unga, zimeshaliwa ndani.