Jodari Kilo Sabini, Karatasi Hakuna

Nilipanda gari la Mombasa alfajiri na makasha mawili ya jodari, kilo 70, barafu ya kutosha, macho ya samaki bado yanang'aa. Kufika kiwanda cha kusafirisha samaki nje, karani hata kifuniko hakufunua. "Chombo gani? Kimeshusha lini? Kimevua wapi?" Nikamjibu: Malindi. Akacheka. Nilikuwa nimenunua kwa manahodha watatu, nikawachanganya samaki wao, na chombo cha yule wa tatu hata jina sikulijua. Nikarudi na mzigo wangu. Mama karanga, wale wakaangaji samaki wa huku kwetu Shella, Malindi, walinisaidia kuumaliza, kwa bei ambayo sitaitaja hapa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuuza samaki nje, kabla ya kutafuta tajiri, nunua daftari.

Tangu Januari 1, 2010, samaki waliovuliwa baharini hawaingii soko la Umoja wa Ulaya bila cheti cha uvuvi kilichothibitishwa na serikali ya nchi ambayo chombo kinapeperusha bendera yake. Shabaha ilikuwa meli za uvuvi haramu. Wavu huo umetunasa na sisi wa mashua. Hata hivyo kuna nafuu ambayo wengi hawaijui: vyombo visivyofika urefu wa mita 12 na visivyokokota nyavu vinaweza kukusanywa kwenye cheti kimoja chepesi. Msafirishaji ndiye hukijaza, naye atajaza nini kama wewe mchuuzi hukuuliza?

Mimi naandika palepale kwenye mizani ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo: jina la chombo, namba yake, nahodha, mshipi au jarife, tarehe, kilo. Kisha namfunga samaki kitambaa mkiani, chekundu kwa chombo hiki, cha kijani kwa kile. Leso kuukuu moja hunitosha msimu mzima.

Kuna mzee mmoja alinikatalia katakata. "Mwanangu, leo nikwambie nilikovua, kesho nikute mashua kumi juu ya mwamba wangu?" Ana haki. Nikamweleza kwamba cheti kinataka eneo kubwa tu, na sisi tuko eneo la uvuvi namba 51 la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ambalo limeanza huku kwetu, likameza Bahari ya Shamu, likafika hadi pwani ya magharibi ya India. "Huo mwamba watautafuta mpaka wazeeke," akasema, akanipa namba ya chombo.

Barafu nayo ianzie chomboni, isingoje ufuoni. Jodari akipigwa na jua hufanya histamini, sumu inayomdhuru mlaji, na histamini haitoki kwa kupikwa. Ulaya hupima sampuli tisa. Wastani ukizidi miligramu 100 kwa kilo, mzigo umekwenda.

Najua mtaniambia meli za kigeni ndizo zinazomaliza jodari, halafu tunaohangaishwa na karatasi ni sisi. Hata mimi inaniuma. Lakini Kenya ni mwanachama wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli, na huko nchi zinavutana juu ya mgawo, nani avue jodari kiasi gani. Wenye meli kubwa huja na hesabu za walichovua miaka nenda miaka rudi. Nchi za pwani zinadai haki ya bahari yao, na dai hilo linataka hesabu pia. Jodari aliyeliwa Shella bila kuandikwa hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Ndiyo maana siku hizi naandika hata wa mama karanga, ingawa wao hunicheka: "Haya karani, na kichwa umekiandika?"

Ila andika kwa penseli. Mimi nilianza na kalamu ya wino, maji ya barafu yakaingia mfukoni, na Februari yote, msimu wa kaskazi samaki wamejaa, ikawa doa moja la buluu.