Kazi Zinabadilika: Majibu kwa Maswali Yenu

Mimi ni karani, kazi yangu kubwa ni kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Je, akili mnemba (AI) itaniondoa kazini?

Sitakuficha: makarani ndio wanaoguswa kuliko wote. Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 2023 ulisema hivyo, tena ukaonya kwamba wanawake wataumia zaidi kwa sababu ndio wengi kwenye kazi hizo. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa kazi nyingi zitabadilika sehemu tu, hazitafutika.

Kwa hiyo andika kila unachofanya tangu unapoingia ofisini mpaka unapotoka. Kunakili namba za fomu kwenye jedwali, programu inaweza. Kugundua kwamba jina kwenye fomu halifanani na lililo kwenye kitambulisho, kumpigia mteja, kumsikiliza akifoka, kisha kuamua cha kufanya: hapo bado anahitajika mtu. Mwombe msimamizi wako akupe jukumu la kukagua kazi ya programu, na uombe sasa, kabla hajaletewa mpango wa kupunguza watu.

Nina shahada na sipati kazi. Nirudi chuo kusomea nyingine?

Hapana, isipokuwa fani unayoitaka inaidai kisheria, kama udaktari au uanasheria. Waajiri waliohojiwa kwa ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya 2025 walitarajia asilimia 39 ya ujuzi wa msingi wa wafanyakazi ubadilike ifikapo 2030. Kozi fupi pamoja na kazi halisi ya kumwonyesha mwajiri vitakufaa zaidi.

Tangu nianze kufanyia kazi nyumbani, bosi ananitumia ujumbe hadi saa nne usiku. Nijibu?

Kama si dharura, jibu asubuhi. Mkataba wa kwanza kabisa wa ILO, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku viwandani, na watu walikuwa wamepigania jambo hilo kwa miaka mingi. Inaniuma kuona simu inalirudisha nyuma kimyakimya. Ufaransa, tangu 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima mawasiliano baada ya kazi. Hata kama nchi yako haina sheria hiyo, mwombe bosi mkubaliane saa za kupatikana, na makubaliano yawe kwa maandishi.

Nasafirisha abiria kupitia programu ya simu. Kampuni inasema nimejiajiri. Ni kweli?

Tazama nani ana usukani wa biashara yenyewe. Nauli anapanga nani? Nani anaweza kukufungia akaunti usiku wa manane bila maelezo? Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipima mambo ya namna hiyo, ikaamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Mwaka huohuo Hispania ilipitisha sheria inayowachukulia wapeleka vyakula wanaopewa kazi kupitia programu za simu kuwa waajiriwa.

Nchi yako inaweza kuwa haijafika huko. Mimi naamini anayepangiwa bei na kuadhibiwa na kampuni hajajiajiri, na nasikitika kwamba mafuta, matengenezo na siku za kuugua vyote vinabaki juu yake. Jiungeni na wenzako, na kila wiki hifadhi picha za skrini zinazoonyesha safari, malipo na makato. Akaunti ikifungwa, kumbukumbu zote zitabaki kwa kampuni.