Deki, simu au kishikwambi? Kwanza semeni mnatazama na nani

Mhariri salamu. Wiki hii mmeuliza: "Kwenye safari ndefu, kipi bora cha kutazamia video njiani, simu, kishikwambi au deki ya kubeba?" Najua majibu yatakayomiminika, inchi ngapi, betri mAh ngapi, Kariakoo wanauza bei gani, na mimi hayo nitayafikia ila sio sasa hivi. Mimi nataka kwanza kujua unatazama na nani. Maana ugomvi wote unaanzia hapo, mtu mnapanda wote Mbezi, hamjafika Chalinze kashafungua klipu zake za vichekesho sauti mpaka mwisho, hedifoni hana, au anazo ila zipo kwenye begi huko juu, anacheka kidogo anahamia nyingine, anacheka tena anahama, na wewe wa dirishani huoni chochote ila unasikia kila kitu mpaka Singida. Ukimwambia kaka punguza kidogo, anakuangalia kama umemdai.

Kwa hiyo msimamo wangu nausema mapema, deki ya kubeba. Ile ya kukunjua, kioo juu sidii chini, inchi saba mpaka tisa, vispika viwili pembeni. Haipigiwi simu, haiingii meseji za bosi, haikuulizi bando, na ukiifungua kwenye basi kila mtu anajua kinachooneshwa ni nini na wa jirani ataomba uigeuze kidogo na yeye aone. Simu ni ya mtu mmoja, hata uwe na roho nzuri namna gani, vichwa viwili vikibanana kwenye inchi sita shingo zinaanza kuuma muvi haijamaliza hata kuandika majina.

Nawapa mfano. Hii ilikuwa Disemba moja, miaka ile mabasi bado hayaruhusiwi kutembea usiku (wadogo zetu wameanza kusafiri wakati yameshafunguliwa tena, 2023), basi ukitoka Ubungo saa 12 asubuhi unaenda Bukoba, zaidi ya kilomita 1,400, siku hiyo hamfiki hata dereva awe nani. Mahali giza likiwakuta ndo mnalala. Sisi tukalala Kahama. Wenye hela wakaenda gesti, wengine tukabaki na gari, mtu una mizigo ya sikukuu utamwachia nani, joto, mbu, na TV ya basi imeshazimwa. Sasa kulikuwa na kijana katikati ya gari, mtu wa biashara Kariakoo, ana deki mpya anaipeleka kwao Muleba iwe zawadi ya mama yake, ila uvumilivu ulimshinda akaifungua Morogoro na betri ikamfia kabla hatujaingia Dodoma. Hizo ndo deki, betri saa mbili, ukibahatika tatu, maana inazungusha sidii, inawasha kioo, inalisha spika, vyote kwenye kibetri hicho hicho.

Basi akashuka nayo akaenda kwa kaka mmoja wa chipsi mwenye umeme, akaomba kuchaji. Kaka wa chipsi akasema mia tano. Akalipa, akaichomeka, akaiweka juu ya kabati la chipsi pembeni ya ndoo ya kachumbari, na kwa vile imeshachomekwa akaona bora aiwashe kabisa. Muvi ya mapigano, ya kutafsiriwa, zile mzungu anafungua mdomo inatoka sauti ya DJ, yaani mtafsiri, mtu wa Manzese.

Dakika chache tu basi letu zima lipo pale. Mara watu wa basi la Kigoma hao, mara madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wamekuja na ndoo zao za kukalia, kaka wa chipsi akarudisha ile mia tano mwenyewe bila kuombwa maana chipsi mayai zilitoka usiku ule mpaka viazi vikamwishia. Sasa kioo chenyewe inchi saba, na vioo vya zile deki mnavijua, ukikaa mbele yake sawasawa unaona vizuri, ukisogea pembeni rangi zinageuka, ukichuchumaa kwa chini ni giza. Kwa hiyo walioona kweli ni mstari wa mbele, akiwemo bibi mmoja wa Kihaya tuliyempisha akaletewa kreti ya soda akakalia, sisi wa katikati tunaona nusu nusu, wa nyuma hawaoni kitu na spika haiwafikii, hasa likipita lori. Hapo akajitokeza utingo mmoja wa lori, mrefu kweli, yeye anaona juu ya vichwa na anawasimulia wa nyuma. Yaani DJ anamtafsiri mzungu, utingo anamtafsiri DJ, na kusema ukweli utingo alikuwa mzuri kuliko DJ, anaongeza na vya kwake, mara huyu jambazi anadaiwa, mara yule dada ni shemeji yake, vitu ambavyo kwenye muvi havipo kabisa na sisi wa katikati tunajua havipo ila nani amkatize.

Sidii ya kwanza ikaisha. Vijana mnaweza msielewe hapa, VCD moja inabeba kama saa moja na robo tu, kwa hiyo muvi nzima inakuja na sidii mbili, ndo maana kila nyumba ilikuwa na rundo la sidii zisizo na mwenzake. Kijana akaweka ya pili. Ikasoma, ikakata viboksi viboksi, ikakwama. Akaitoa akaipuliza, mmoja akasema usipulize unaiwekea mate, mwingine ifute kwa kuzungusha, mwingine akaja juu, hapana, futa kutoka katikati kwenda nje, na huyo wa mwisho ndo alikuwa sahihi kwa taarifa yenu, maana mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya data na kula kipande kirefu, ila wa kukatiza deki inaweza kuuruka. Bibi akafungua kipochi akatoa dawa ya meno. Ikapakwa, ikasuguliwa na pindo la kanga, ikasuuzwa na maji ya chupa, ikapepewa kwa kofia ya konda, ikarudishwa. Ikacheza! Stendi ikapiga makofi. Ikaenda vizuri mpaka pale steringi anaingia kwenye godauni kumfuata adui, wameshaangaliana, ikaganda, na hapo haikuendelea tena.

Unafikiri watu walitawanyika? Ubishi ulienda mpaka saa nane. Watu wa basi la Kigoma wanasema steringi hafi, steringi gani alishawahi kufa, wa malori wanasema huyu anakufa kwa sababu mwanzoni alimuaga mtoto, na kwenye muvi ukishaaga mtoto ndo basi tena. Bibi akasema hao wawili wangekaa kitako na wazee yasingefika godauni. Konda wetu akaapa kashaiona, akaanza kusimulia mwisho, watu kimya wanasikiliza, kumbe anasimulia muvi nyingine kabisa, ina helikopta. Asubuhi tukaondoka na mpaka Biharamulo ubishi bado unatembea siti za mbele mpaka za nyuma, watu ambao toka Ubungo walikuwa hawajaulizana hata jina.

Sasa mtaniambia hiyo sio sifa ya deki, ni sifa ya Kahama. Na hapa nikirudia nilichoandika naona mna hoja, maana deki yenyewe ilifeli karibu kila idara, betri ilikufa, kioo kilionesha watu wachache, spika haikufika nyuma, sidii ikagoma. Ingekuwa nzima tungetazama mpaka mwisho, tukapiga miayo, tukaenda kulala. Kwa hiyo ninachokitetea sijui hata dukani kinauzwa wapi.

Haya turudi kwenye vifaa. Deki leo, nikiwa mkweli, ni mateso. Kwanza barabarani kila tuta inaruka. Pili hizo DVD zina kanda, yaani dunia imegawanywa maeneo na deki ya eneo moja inakataa DVD ya eneo jingine, wengi hamjui, shangazi yangu wa Maskati aliwahi kuniletea DVD orijino za katuni, deki niliyonunua hapa Dar ikazikataa zote, kumbe huko Uarabuni ni kanda ya 2 pamoja na Ulaya na sisi huku ni kanda ya 5 (zile za kufyatua hazina kanda, zinaingia popote, sijasema mzinunue). Tatu nenda leo kwa muuza muvi wa mtaani kwako umwombe sidii, atakuuliza flashi yako iko wapi. Kuna deki zina tundu la USB, sawa, ila nyingi zinasoma AVI tu, aina ya zamani ya faili la video, ukiichomekea faili la siku hizi inakuandikia haijulikani.

Disemba iliyopita nilisafiri na wapwa zangu wawili, mama yao akawapa kishikwambi chake, inchi kumi, memori kadi ya GB 64. Muvi ya kawaida ikiwekwa vizuri haizidi GB 1, kwa hiyo humo kuna muvi zaidi ya hamsini, DVD moja ya kawaida inabeba GB 4.7 basi, linganisheni wenyewe. Tukakining'iniza nyuma ya siti ya mbele, kile kiwaya cha kugawa hedifoni mbili ambacho bei yake ni ya sahani ya wali, mtandao umezimwa, mwanga umepunguzwa, kikaenda toka Dar mpaka tumeipita Singida ndo kikaomba chaji. Na kioo chake ukikaa pembeni bado unaona. Watoto kimya, hawagombani, hawaulizi tumefika wapi, jirani hasumbuki. Niliona huruma kidogo kwamba hawajui hata tumepita wapi. Afu nikalala usingizi mzuri kweli.

Kwa hiyo kwenye kura yenu niandikeni kishikwambi. Ndio, najua hapo juu nimesema deki na sifuti, mtu akiniuliza kwa moyo nitamjibu deki, ila ninyi mmeuliza cha kununua. Na hata hicho kishikwambi sio chochote tu. Kiwe na kitundu cha memori kadi na tundu la hedifoni la duara, vingi vya siku hizi wameyatoa yote mawili utadhani hewa wanaiuza. Cha bei rahisi kijaribu hapo hapo dukani na faili la H.265 (namna mpya ya kubana video), maana muvi nyingi sasa hivi zinakuja hivyo na vikishikwambi vya zamani vinatoa sauti bila picha au picha inatambaa. Kadi ikiwa imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalozidi GB 4, usimgombeze muuza muvi, gawa faili au fomati upya isiwe FAT32. Na muvi ulizopakua kwenye zile programu za kulipia kila mwezi zifungue ukiwa bado nyumbani, nyingine zina muda wake wa kuisha, ukikuta zimejifunga uko Nzega usiku huna la kufanya.

Anayesafiri peke yake na simu yake ina kioo kizuri asinunue kitu, anunue hedifoni. Anayepanda SGR, treni ya umeme, kwenda Dodoma naye asijisumbue, tangu 2024 safari yenyewe inaisha hujamaliza muvi mbili. Wa ndege, pawa benki ni ya mkononi, haiwekwi kwenye begi la chini, na ikizidi Wh 100 (kipimo cha nishati ya betri) wanaweza kukuzuia nayo, ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 kwa hiyo inapita, ya 30,000 inazidi.

Na wa mabasi, lile tundu la USB la kwenye kiti linalosifiwa kwenye tiketi, chomeka simu ulijaribu gari likiwa bado stendi, maana likishatoka Mbezi konda atakwambia linawaka mbele ya safari.