Taa za Uluru: zinasimulia au zinapamba tu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Tanga, nasoma Adelaide, Australia. Likizo hii wenzangu wanakwenda Uluru, lile jabali jekundu la jangwani. Kule kuna maonyesho mawili ya taa za usiku, yote yana majina ya lugha ya wenyeji, na viingilio vyake si mchezo. Fedha yangu inatosha moja tu. Je, lugha ya wale watu imo humo kweli, au wamechukua jina la kupambia biashara?
Mwanafunzi, Adelaide

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelipenda, maana nami nilikwenda na wasiwasi huohuo.

Anza na majina, wewe Mswahili utayaelewa upesi kuliko wenzako. Ule uwanda wa taa wa msanii Mwingereza Bruce Munro, vijiti 50,000 vilivyochomekwa mchangani tangu 2016, unaitwa Tili Wiru Tjuta Nyakutjaku. Ni Kipitjantjatjara, moja ya lugha za Waanangu, wenye nchi ile. Nililiandika jina hilo kwenye daftari nikapiga mstari chini ya kila neno: tili, taa, wiru, nzuri, tjuta, nyingi, nyakutjaku, za kutazama. Taa nzuri nyingi za kutazama! Neno kwa neno, kwa mpangilio wetu uleule. Kesho yake nilipoviona vile vilima vya Kata Tjuta sikuhitaji mkalimani: kata ni kichwa, basi ni vichwa vingi, na ndivyo vilivyo hasa.

Ila pale lugha inaishia kwenye jina. Taa zinapendeza mno, zinabadilika rangi taratibu hadi unasahau baridi, lakini ni kazi ya Munro. Kisa cha Waanangu hakimo.

Wintjiri Wiru, yale maonyesho ya pili, yaliyoanza Mei 2023, ni mambo mengine. Unakaa kwenye jukwaa juu ya tuta la mchanga, jua limezama, Uluru umebaki kivuli cheusi. Droni zaidi ya 1,000 zinapanda angani, na sauti unazozisikia ni za Kipitjantjatjara na Kiyankunytjatjara, pamoja na Kiingereza.

Kinachosimuliwa ni sehemu ya kisa cha Wamala, wahenga wa Waanangu. Walikuwa katika sherehe yao, inma, wakajiwa na wajumbe wa Wawintalka kutoka magharibi kualikwa kwenye sherehe nyingine. Wakakataa, kwa kuwa inma ikishaanza haikatizwi. Wawintalka wakaghadhibika, wakaumba jibwa la kutisha, Kurpany, wakalituma liwaangamize. Luunpa, mwanamke aliye ndege mdiria, akapiga kelele kuwaonya, wasimsikilize. Kurpany lilipotanda angani, mtoto aliyekaa mbele yangu aliingia mzimamzima ndani ya koti la mama yake. Mimi mtu mzima nilishika kiti.

Kisa hicho ni kirefu, kinatoka Kaltukatjara, mbali magharibi, hadi Uluru, na wageni tunapewa kipande tu. Sikuona kuwa nimepunjwa. Hata sisi kuna ya unyagoni ambayo hayatolewi barazani.

Kwa hiyo fedha yako itoe Wintjiri Wiru. Halafu asubuhi, kabla jua halijawa kali, tembea njia ya Mala chini ya jabali, kwenda na kurudi kilomita 2 tu. Utaona mapango, mojawapo ndimo wazee walimofundishia wavulana, michoro ingali ukutani. Palipo na kibao cha kukataza picha, weka simu mfukoni, hata kama wenzako wanapiga. Mala wenyewe, wale ambao wahenga wa kisa wana jina lao, ni wanyama wadogo wa jamii ya kangaruu. Walitoweka eneo lile, hadi 2005 waliporudishwa 24 ndani ya uzio. Nilipolijua hilo, kile kisa cha usiku kilinirudia upya.

Na kama mfuko utagoma kabisa, mwanangu, subiri Aprili uende Alice Springs, nchi ya Waarrernte. Kuna tamasha la Parrtjima, tangu 2016, linaloangazia milima ya MacDonnell yenyewe, na kuingia ni bure. Chukua koti zito. Usiku wa jangwani hauna utani hata ukitoka kwenye joto la mchana.